Malkia Katarina Kosača na mataifa matatu yanayomgombea

Mjini Roma, ndani ya kanisa la Santa Maria in Aracoeli lililo juu ya kilima cha Kapitolino, kuna jiwe la kaburi lililosimamishwa kwenye nguzo karibu na madhabahu kuu. Limechongwa umbo zima la mwanamke aliyevaa taji. Pembeni mwa kichwa chake zipo ngao mbili, moja ya ukoo wa mumewe, Kotromanić, na nyingine ya ukoo alikozaliwa, Kosača. Chini yake kuna maandishi ya Kilatini: huyu ni Katarina, malkia wa Bosnia, dada wa Stjepan mtawala wa Mtakatifu Sava, wa uzao wa Jelena na wa jamaa ya Stefano, mke wa mfalme Tomaš, aliyeishi miaka 54 akafariki Roma tarehe 25 Oktoba 1478.

Ukiyasoma kwa haraka ni maandishi ya kawaida ya kaburi la mtu mkubwa. Ukiyasoma ukiwa Sarajevo, Mostar au Beograd, kila neno lina mwenyewe. "Malkia wa Bosnia" linashikwa na Wabosniaki, yaani Waislamu wa Bosnia. "Mtakatifu Sava" na "jamaa ya Stefano" yanashikwa na Waserbia, ambao Sava ndiye mwasisi wa kanisa lao la Kiorthodoksi. Wakroati hawana haja ya kutafuta neno: kwao inatosha kwamba amelala katika kanisa la Wafransisko, hatua chache kutoka madhabahuni. Na jiwe lenyewe limeguswa. Zamani lilikuwa sakafuni na maandishi yake yalikuwa ya Kislavoni kwa herufi za Kisirili za Bosnia, zinazoitwa bosančica. Mwaka 1590 liliondolewa sakafuni likasimamishwa, na maandishi yakawekwa upya kwa Kilatini. Ya awali tunayajua kwa sababu bingwa wa miandiko wa Roma, Giovanni Battista Palatino, alikuwa ameyanakili katika kitabu chake cha karne hiyohiyo. Hayo ya Kilatini yana kosa lililo wazi: yanamwita dada wa Stjepan, ilhali alikuwa binti yake. Kwa hiyo anayejenga hoja nzima juu ya neno moja la jiwe hili ajue kwanza kwamba anasoma nakala iliyofanywa zaidi ya miaka mia moja baada ya maziko.

Alizaliwa mwaka 1424 au 1425 hivi. Baba yake, Stjepan Vukčić Kosača, alikuwa bwana mkubwa wa kusini mwa Bosnia, mwenye ngome, majeshi na siasa zake binafsi, na mara nyingi alipigana na mfalme aliyepaswa kumtii. Mwaka 1448 alijitwalia cheo cha herceg, yaani mtawala wa daraja la juu baada ya mfalme, na kutokana na cheo hicho nchi yake ikaja kuitwa Hercegovina. Mama yake, Jelena, alitoka ukoo wa Balšić wa Zeta, eneo ambalo leo ni Montenegro, na kupitia kwake Katarina alikuwa kilembwe wa Lazar, yule mtawala wa Serbia aliyekufa vitani Kosovo mwaka 1389.

Mumewe naye hakuwa mtu wa mstari mmoja. Stjepan Tomaš alizaliwa nje ya ndoa, akakulia katika Kanisa la Bosnia, kanisa la wenyeji ambalo Roma ililiona la wazushi na Waorthodoksi hawakulitambua. Waumini wake walijiita krstjani, yaani Wakristo tu, basi. Alipokuwa mfalme aliingia Ukatoliki. Mwaka 1445 Papa Eugenio wa Nne alibatilisha ndoa yake ya kwanza na Vojača, mwanamke asiye wa nasaba, na Mei 1446 akamwoa Katarina katika uwanda wa Milodraž kwa ibada ya Kikatoliki. Ilikuwa ndoa ya suluhu: mfalme alihitaji amani na Kosača, na Kosača alihitaji mjukuu atakayekalia kiti cha enzi. Bibi harusi, aliyekulia kwa hao krstjani, akawa Mkatoliki. Mwaka uliofuata Papa alimruhusu kujichagulia mapadri wawili Wafransisko wa nyumbani kwake.

Ushike huo uwanda wa Milodraž. Tarehe 28 Mei 1463, miaka kumi na saba baada ya harusi, ni hapohapo Sultani Mehmed wa Pili alipompa padri Mfransisko Anđeo Zvizdović hati ya amani, ahdname, inayowahakikishia Wafransisko uhai, mali na makanisa yao chini ya utawala wa Kiosmani. Nakala ya hati hiyo inatunzwa hadi leo katika monasteri ya Fojnica. Kati ya matukio hayo mawili ufalme ulikuwa umekwisha.

Tomaš alifariki Julai 1461. Akarithiwa na Stjepan Tomašević, mwanawe wa ndoa ya kwanza, aliyemkubali Katarina kama mama malkia. Mei 1463 jeshi la Kiosmani liliingia. Ngome ya kifalme ya Bobovac ikasalimu amri baada ya siku chache, mfalme akakamatwa Ključ, akakatwa kichwa Jajce. Katarina alikimbilia pwani, upande wa Dubrovnik. Watoto wake wawili, Sigismund wa miaka kama kumi na minne na Katarina mdogo wa miaka kama kumi, walichukuliwa mateka wakapelekwa kwa Waosmani. Mama yao hakuwaona tena.

Mwaka 1467 alihamia Roma. Papa alimpangia posho ya dukati 100 kwa mwezi, akaishi na watumishi waliotoka naye nyumbani, akaingia Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, akatumia muda uliobaki kutafuta fedha na watu wa kumsaidia kuwakomboa watoto. Aliwaandikia watawala wa Italia, akiwemo mtawala wa Milano, na mwaka 1474 alisafiri mwenyewe kutafuta mazungumzo. Hayakuzaa kitu. Wakati huo Sigismund alikuwa amekwisha kusilimu, akaitwa Ishak Bey, mwana wa mfalme, na baadaye akapewa kutawala wilaya ya Karasi huko Anatolia. Kaka wa kambo wa malkia, mtoto wa mwisho wa herceg, naye alisilimu: huyo ni Ahmed Hersekzade, aliyemwoa binti wa Sultani Bayezid wa Pili na kushika cheo cha waziri mkuu wa dola ya Kiosmani mara tano.

Hesabu nyumba hiyo moja kwa vizazi vinne. Babu wa upande wa mama Mworthodoksi, baba aliyeshirikiana na kila kanisa bila kufungwa na lolote, binti Mkatoliki mtawa, kaka waziri mkuu Mwislamu, mtoto wa kiume bey, yaani mkuu wa wilaya wa Kiosmani. Anayetaka kuwagawa watu hawa katika mafungu matatu ya leo itabidi akate meza ya chakula vipande vitatu.

Waraka unaomweleza Katarina kuliko wote ni wosia wake, ulioandikwa kwa Kilatini tarehe 20 Oktoba 1478, siku tano kabla ya kufa. Anajitambulisha kwa cheo na kwa ndoa: malkia wa Bosnia, mjane wa Tomaš, binti wa herceg Stjepan. Hakuna kabila. Kisha anagawa. Ufalme wa Bosnia anamwachia Papa Sisto wa Nne na watakaomfuata, lakini kwa sharti: Sigismund akirudi katika Ukristo, kiti ni chake. Vifaa vya kanisa lake la nyumbani vinaenda kanisa la Mtakatifu Yeronimo, la Waslavoni wa Roma. Joho lake la kifalme linabaki Aracoeli. Masalia ya watakatifu yaende kanisa la Mtakatifu Katarina mjini Jajce. Upanga wa mumewe apewe Sigismund akirudi katika dini ya mama yake, na asiporudi apewe Balša, mtoto wa kaka yake Vladislav.

Huo ni wosia wa mtu ambaye bado anaamini nchi yake itarudi. Kupeleka masalia Jajce ni kuamini kwamba Jajce bado ina kanisa la kuyapokea, na kwa kweli mwaka 1478 mji huo ulikuwa mikononi mwa Wahungaria, kwa hiyo haikuwa ndoto tupu. Na upanga uliowekewa akiba ya mpwa unaonyesha alikuwa anafikiri kinasaba, nani mwenye haki ya kurithi. Neno taifa, kwa maana tunayolitumia sisi, halimo kichwani mwake.

Sasa madai. Kila upande una ushahidi wa kweli, na kila upande una mahali unapoteleza.

Waserbia huanza na herufi za Kisirili, na hapo ndipo hoja yao ilipo dhaifu. Bosnia ya zama zile iliandika Kisirili kila mahali: wafalme Wakatoliki, viongozi wa krstjani, hata Wafransisko, ambao waliendelea kutumia bosančica karne kadhaa baadaye. Mwandiko haukutaja dini ya mtu wala kabila lake. Hoja yao ya nasaba ya Lazar ni nzuri zaidi, ila inapita kwa mama peke yake. Inabaki Mtakatifu Sava. Kweli, baba yake aliongeza jina hilo katika cheo chake, kwa sababu kaburi la Sava lilikuwa katika monasteri ya Mileševa, ndani ya milki yake, na jina la mtakatifu huyo lilimpa heshima kwa Waorthodoksi na Wakatoliki pia. Lakini tazama alivyokufa. Wosia wake wa Mei 1466, ulioandikwa katika mji wa Novi (leo Herceg Novi, uliobeba cheo chake), ulishuhudiwa, miongoni mwa wengine, na David, askofu mkuu Mworthodoksi wa Mileševa, na gost Radin, kiongozi wa Kanisa la Bosnia, aliyekuwa balozi wake kwa miaka mingi. Mtu anayewaita wote wawili kitandani pake si wa kuwekwa katika kabati moja. Na mjini Mostar jumba kubwa la utamaduni la Wakroati limepewa jina la huyohuyo Herceg Stjepan Kosača. Baba naye anagombewa kama binti.

Wabosniaki wanasema: huyu ni malkia wa nchi yetu, aliyezaliwa katika kanisa la mababu zetu, na mwanawe alisilimu kama tulivyosilimu. Sehemu ya kwanza ina uzito, maana hati za zama zile zinawaita wenyeji Bošnjani na ufalme wenyewe Bosnia. Sehemu ya pili imebeba nadharia ya zamani, kwamba krstjani waliingia Uislamu kwa mkupuo mmoja mara Waosmani walipofika. Daftari za kodi za Kiosmani zinakataa. Ile ya mwaka 1468 na 1469 inaonyesha Waislamu wachache sana, na idadi inapanda polepole kwa vizazi, kutoka kwa Wakatoliki, Waorthodoksi na krstjani pia. Isitoshe, Kanisa la Bosnia lilikuwa limekwisha kuvunjwa na Tomaš, mume wa Katarina, mwaka 1459, alipowataka viongozi wake wachague ubatizo wa Kikatoliki au kuhama. Waliohama walikimbilia wapi? Kwa baba mkwe wake. Halafu kuna wosia: malkia aliyeikabidhi nchi kwa Papa ili isibaki kwa Sultani ni mgumu kumfanya mama wa Bosnia ya Kiislamu, na wanahistoria makini wa Sarajevo wanalijua hilo.

Wakroati wana ushahidi mzito kuliko wote kuhusu dini yake na mwepesi kuliko wote kuhusu kabila lake. Mkatoliki, naam. Mtawa wa Fransisko, naam. Ila Ukatoliki wa Bosnia kuitwa Ukroati ni jambo la karne ya 19, lililokomaa chini ya utawala wa Austria na Hungaria. Kabla ya hapo Mfransisko mashuhuri wa Bosnia, Ivan Frano Jukić, aliyefariki mwaka 1857, alitia sahihi maandishi yake kwa jina la Slavoljub Bošnjak: Mbosnia mpenda Waslavi. Tukimwita Mkroati leo tunamwongezea neno ambalo hakulichagua.

Kanisa lile la Mtakatifu Yeronimo lililopewa vifaa vya malkia lina kisa chake, nacho kinafaa kwa kila anayedhani ugomvi huu umeletwa na vita vya miaka ya 1990. Wageni Waslavoni walipewa mahali hapo na Papa mwaka 1453. Muda mfupi hivi wakaanza kuulizana nani hasa ana haki ya kulala na kula pale. Mwaka 1655 mahakama ya Papa ikatoa hukumu: haki ni ya watu wa Dalmatia, Kroatia, Bosnia na Slavonia, na watu wa Slovenia ya leo wakaachwa nje. Mwaka 1901 Papa Leo wa Kumi na Tatu alibadilisha jina ili taasisi iwe ya Wakroati, na kelele zikapigwa, Montenegro ikiwa mstari wa mbele, hadi jina la zamani likarudishwa. Sasa ni ya Wakroati kwa jina na kwa kazi. Mahakama, papa na serikali wamejaribu kwa zaidi ya miaka mia tatu kuamua nani ni nani, na wote walikuwa wanagawa vitanda vya wageni na nafasi za mapadri. Ndiyo sababu simwamini mtu anayesema "utambulisho" bila kutaja kinachogawiwa.

Nchini Bosnia kinachogawiwa ni kikubwa zaidi. Neno Bošnjak lilipitishwa rasmi kama jina la taifa la Waislamu wa Bosnia Septemba 1993, katikati ya vita. Mkataba wa Dayton wa mwaka 1995 ukaifanya nchi iwe ya mataifa matatu ya msingi, Wabosniaki, Wakroati na Waserbia, na urais wa watu watatu, mmoja kwa kila taifa. Asiye mmoja wao huingia fungu la "wengine" na hawezi kugombea urais huo, jambo ambalo Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ililihukumu kuwa ubaguzi mwaka 2009. Shuleni, masomo ya lugha, historia, jiografia na dini yamewekwa katika kundi la masomo ya kitaifa, na kila taifa lina mtaala wake. Katika miji kadhaa, Stolac ukiwa mojawapo, jengo ni moja na shule ni mbili: wanafunzi wanaingia kwa milango au kwa zamu tofauti na kusoma historia tofauti. Swali la Katarina ni wa nani halijibiwi katika nchi ya namna hiyo kwa kufungua hati za karne ya 15. Linajibiwa na mtaala.

Kukumbukwa kwake ni habari nyingine, na hapa ndipo ninapoona watu wa kawaida wamewashinda waandishi. Kraljeva Sutjeska ni kijiji kilichokuwa na kasri la wafalme, karibu na Kakanj. Wanawake Wakatoliki wa huko, wakongwe hasa, wanajifunga kitambaa cheusi kichwani, na ukiuliza unaambiwa ni matanga ya malkia Katarina. Inasimuliwa pia kwamba aliwafundisha kutarizi. Je, kitambaa ni cha tangu mwaka 1463? Sidhani kama kuna hati ya kulithibitisha hilo, na kitambaa cheusi kinavaliwa na wanawake wakubwa mahali pengi pa Balkani. Lakini sababu inayotolewa ni ya pale pekee, na imeshikwa bila waziri wala mtaala. Kijiji hichohicho kina monasteri ya Wafransisko na msikiti wa mbao unaotajwa kuwa miongoni mwa mikongwe ya Bosnia. Kwa mapokeo ya kijiji, ni askari wa Mehmed waliousimamisha kwa siku chache walipokuwa wakielekea Bobovac.

Kila mwaka, karibu na tarehe 25 Oktoba, Wakatoliki hupanda Bobovac kusali misa ya kumkumbuka. Ni magofu juu ya mwamba mwembamba upande wa Vareš, yaliyochimbwa na Pavao Anđelić katika miaka ya 1950 na 1960. Wasiwe na haraka wanaoichanganya siku hiyo na 25 Novemba: hiyo ni sikukuu ya Katarina wa Aleksandria, somo wake, na kwa bahati ndiyo pia Siku ya Taifa ya Bosnia kwa sababu za mwaka 1943. Mitandaoni siku hizo mbili zinaunganishwa kila mara. Mwingine humwita mwenye heri kana kwamba Kanisa limemtangaza. Halijamtangaza, ni heshima ya waumini na ya Wafransisko.

Skopje kulikuwa na kaburi lenye kuba lililoitwa la binti wa mfalme, ambalo mapokeo yanasema ni la Katarina mdogo, aliyekufa Mwislamu. Liliangushwa na tetemeko la ardhi la mwaka 1963.

Na kosa moja linalofanywa na pande zote tatu kwa pamoja: kumwita malkia wa mwisho wa Bosnia. Hakuwa. Malkia wa mwisho alikuwa Mara Branković, mke wa Stjepan Tomašević, aliyezaliwa katika nyumba ya watawala wa Serbia na kuponea vitani akiwa kijana. Aliishi miaka mingi katika milki ya Waosmani, akashughulika na madai ya fedha, akagombana na jamaa zake juu ya mapato. Hakuna kijiji kinachojifunga kitambaa kwa ajili yake. Katarina alipoteza watoto, akadumu katika ujane, akafa akisubiri, na maisha ya namna hiyo yanasimulika kirahisi katika dini zote tatu. Mara aliendelea kuishi. Kumbukumbu ya pamoja ilichagua mjane na kumwacha mdai wa fedha, na katika uchaguzi huo, kwa mara moja, Mkroati, Mserbia na Mbosniaki hawakupingana.

Kwa anayetaka kulitazama jiwe mwenyewe: ngazi za mbele za Aracoeli zina vidato zaidi ya 120, za mwaka 1348, nazo ni kali. Upande wa uwanja wa Campidoglio kuna mlango wa pembeni wenye ngazi chache. Ukiingia nenda moja kwa moja upande wa madhabahu kuu, na utafute nguzoni, kwani wengi humpita wakitazama makaburi ya sakafuni, ambako alikuwa kabla ya mwaka 1590. Anza na ngao mbili, kisha ndiyo usome maneno.